Gari Lililokula Chumvi

Kaka yangu Veikko anasema gari hili limekula chumvi,
wala hasemi kwa heshima:
majira ishirini na saba ya baridi kwenye barabara za Kemijärvi,
chumvi ya manispaa imetafuna vizingiti vya milango
hata ukibisha hodi kwa kidole, kutu ndiyo inayoitikia.
"Lipeleke kwa wakata vyuma," anasema,
huku akinywa kahawa yangu.

Mimi napeleka barua. Nyumba mia moja arobaini na mbili,
na njia nyingine huishia ziwani, hazina pa kugeuzia.
Natoka kinyumenyume.
Januari niligonga kisanduku cha Hilppa Ylitalo.
Mtu wa posta, kuvunja sanduku la posta!
Hilppa alitoka na viatu vyake vya sufi vya ndani,
akautazama ubao, akanitazama mimi,
akauliza tu, "Kwa hiyo leo sina barua?"

Kosa ni la kioo cha nyuma.
Nyuzi kumi na mbili za kahawia zimelala juu yake;
ukibonyeza swichi zinatakiwa zipate moto, barafu itoe machozi.
Za juu zinafanya kazi. Za chini pia.
Nne za katikati, zilizo sawasawa na macho yangu,
zimekufa.

Jumapili nikaazima banda la Veikko, lenye jiko la kuni,
na kipima umeme ambacho sindano yake hutetema.
Uzi mzima, nikajifunza siku ile, huchoka kwa adabu:
volti kumi na mbili, tisa, sita, tatu,
kama mtu anayeshuka ngazi akishika ukuta.
Uzi uliokatika hauchoki.
Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Kisha sifuri.

Sikuja bandani kumfikiria baba.
Lakini penye sifuri pana mikwaruzo,
minne, kila mmoja mfupi kuliko punje ya shayiri,
nami naijua: ni ncha za ski zake,
alizozisukumiza ndani kila Machi bila kutazama,
mimi nikigomba, yeye akijibu,
"Kioo hakina roho, Irja."
Naye alikatika hivyo hivyo. Jumanne amejaa, anapasua kuni.
Jumatano sifuri.

Nikasafisha kwa spiriti. Nikabandika utepe juu na chini ya kila uzi,
nikaacha katikati kijia chembamba cha kupita brashi.
Rangi ya fedha huja katika kichupa kama cha rangi ya kucha,
kwa bei ya jozi ya viatu.
Koroga. Paka. Subiri. Paka tena.
Mkono huu unaopanga barua gizani bila kukosea
ulitetemeka; uzi wa nne nikaumwagia,
nikakwangua kwa wembe, nikang'oa kizuri pamoja na kibaya.
Veikko, ambaye hakuna aliyemwita,
alikuja akanishikia taa.
Habari za chumvi hakuzitaja.

Jumanne, digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Nabonyeza swichi. Kitaa cha rangi ya chungwa.
Barafu inaachia mstari juu, inaachia mstari chini,
halafu katikati, polepole,
kama watu wanaosogezana kwenye benchi kumpisha aliyechelewa:
mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Wa nne haukuja.
Umebaki ufito mweupe wa barafu,
ninainamisha kichwa kidogo ndipo nione.
Nimeuacha.

Mwisho wa njia ya ziwani natia giya ya nyuma.
Kisanduku cha Hilppa kimesimama kwa mguu mpya wa msonobari,
nakiona chote, hadi kichwa cha msumari.
Nakikwepa kwa shubiri mbili, nasimama, nashusha dirisha,
natumbukiza gazeti
na bili ya umeme.